Yaliyomo Katika Shahamu: Asidi za Mafuta za Nyangumi, Sili na Pomboo

Kila mwaka kusi inapokolea, kati ya Julai na Oktoba, nyangumi-nundu hupita mbele ya Msimbati, Kizimkazi na Watamu. Wamekuja kupandana na kuzaa katika maji ya uvuguvugu, na kwa miezi yote hiyo hawali, au hula kwa nadra. Malisho yao wameyaacha zaidi ya kilomita 6,000 kusini, kandokando ya barafu ya Antaktiki, ambako humeza uduvi wa huko kwa tani. Kwa hiyo mama anayemnyonyesha ndama wake mbele ya boti za watalii wa Kizimkazi anamlisha maziwa yaliyotokana na uduvi wa Antaktiki. Mafuta ya kumwezesha kusafiri, kujifungua, kunyonyesha na kurudi kwao ameyabeba chini ya ngozi, katika tabaka nene la shahamu linalomzunguka mwili mzima.

Mhadhara huu unahusu shahamu hiyo, na hasa asidi za mafuta zilizomo ndani yake. Hoja yake ni kwamba shahamu imejengwa kwa matabaka, na kila tabaka lina kazi yake na habari yake. La nje linaeleza baridi ya bahari. La ndani linaeleza chakula. Mtafiti anayekata kipande bila kujali kimetoka kina gani atapata jibu sahihi la swali ambalo hakuuliza.

Kwanza ni lazima kemia yenyewe ielezwe, kwa kuwa bila hiyo mengine hayaeleweki. Asidi ya mafuta ni mnyororo wa atomi za kaboni wenye kichwa cha asidi upande mmoja. Mnyororo wa kaboni 16 usio na kifungo maradufu hata kimoja ni asidi ya palmitiki, iliyojaa tele katika mawese. Wa kaboni 18 wenye kifungo maradufu kimoja ni asidi ya oleiki ya mafuta ya zeituni. Kaboni 20 na vifungo maradufu vitano ni EPA. Kaboni 22 na vifungo sita ni DHA. Hizi mbili ndizo omega-3 zinazotangazwa kwenye chupa za vidonge vya mafuta ya samaki. Wanakemia huziandika kwa tarakimu tu, 16:0, 18:1, 20:5, 22:6, na maabara inayochambua shahamu kwa makini hutambua aina zaidi ya 60 katika kipande kimoja.

Kifungo maradufu cha asidi hizi huupinda mnyororo. Minyororo iliyonyooka hupangana kwa kubanana, ikaganda. Iliyopinda haipangani, ikabaki majimaji. Ndiyo maana mafuta ya nazi huganda chupani asubuhi ya kipupwe kule Njombe, na ya alizeti yaliyo kwenye rafu hiyo hiyo hayagandi. Asidi ya steariki, yenye kaboni 18 bila kifungo maradufu, huyeyuka kwenye nyuzi 69 hivi za Selsiasi. Ikiwekewa kifungo kimoja, ikawa oleiki, huyeyuka kwenye nyuzi 13. DHA yenye vifungo sita haigandi mpaka baridi ifike nyuzi 44 chini ya sifuri.

Sasa mfikirie mnyama mwenye damu moto ya nyuzi 37 anayeishi katika maji yanayokaribia kuganda. Upande wa ndani wa shahamu yake, ule unaogusa nyama, una joto la mwili. Upande wa nje, chini tu ya ngozi, uko karibu na baridi ya bahari yenyewe. Kama shahamu yote ingekuwa ya asidi zilizoshiba, tabaka la nje lingekakamaa na mnyama asingeweza kujikunja wala kupiga mkia. Mwili hulikwepa jambo hilo kwa kujitengenezea asidi zake wenyewe, hasa zile zenye kifungo maradufu kimoja na kaboni zisizozidi 18, na kuzilundika upande wa nje. Asidi ndefu zinazotoka kwenye chakula, zile za kaboni 20 na 22, hukaa kwa wingi zaidi upande wa ndani, karibu na mishipa ya damu, mahali ambapo mafuta huingizwa wakati wa shibe na kutolewa wakati wa njaa. Katikati kuna ukanda wa mpito unaofanana kwa kiasi na pande zote mbili.

Unene wa shahamu nao hutofautiana mno. Nyangumi kichwa-upinde wa Aktiki hufikisha karibu nusu mita ya shahamu, unene usio na kifani kwa mnyama mwingine yeyote. Pomboo mdogo wa bandari za Ulaya ya Kaskazini, mwenye urefu wa mita moja na nusu tu, ana sentimita mbili hivi, na kwa sentimita hizo mbili lazima astahimili majira ya baridi ya Bahari ya Kaskazini. Hana nafasi ya kupoteza. Akikosa chakula kwa siku chache, hatari inayomkabili ni ya baridi sawa na ilivyo ya njaa.

Asidi za chakula zinatoka wapi? Wanyama wanyonyeshao, binadamu akiwemo, hawana kimeng'enya cha kuweka kifungo maradufu mahali pale panapoifanya asidi iitwe omega-3. Lazima waipate kwa kula. Baharini waanzilishi ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayoelea juu ya maji na kutumia mwanga wa jua. Huliwa na vidudu na uduvi, uduvi huliwa na dagaa na ngisi, dagaa na ngisi huliwa na sili na pomboo, na njiani kote asidi hizo hupita bila kubadilika sana. Kila bahari basi ina alama yake. Katika Atlantiki ya Kaskazini kuna kidudu kiitwacho Calanus, cha milimita chache, kinachojiwekea nta yenye minyororo ya kaboni 20 na 22 iliyo na kifungo kimoja. Samaki aina ya heringi na kapelini wanaokila huigeuza nta hiyo kuwa asidi za mafuta, na sili anayewala samaki hao hubeba alama ya Calanus bila kuwahi kukila kidudu chenyewe. Uduvi wa Antaktiki hana alama hiyo kwa kiwango cha kutajika; mafuta yake yana EPA kwa wingi. Kwa sababu hii nyangumi wa kaskazini na wa kusini, hata wakiwa wa spishi moja, hawawezi kuwa na shahamu ileile.

Ushahidi ulio wazi kupita yote unatoka Finland. Ziwa Saimaa lina sili wa maji baridi (yaani yasiyo na chumvi), ambao mababu zao walinaswa humo kiasi cha miaka elfu kumi iliyopita, barafu ilipoyeyuka na ardhi ikainuka ikakata njia ya kurudi baharini. Leo wamebaki mamia machache tu. Ndugu zao wa damu wapo bado katika Bahari ya Baltiki. Katika miaka ya 1990 Reijo Käkelä na Heikki Hyvärinen wa Chuo Kikuu cha Joensuu walizilinganisha shahamu za makundi hayo mawili. Sili wa ziwani walikuwa na omega-6 nyingi zaidi kwa kulinganisha na omega-3, kama walivyo samaki wa maji baridi wanaowala. Tabaka la nje, hata hivyo, lilifanana zaidi kuliko la ndani. Ukoo mmoja, maji mawili, na tofauti ikajionyesha pale pale ambapo nadharia ilisema itakuwepo.

Wapo pia wanaodhani kwamba mafuta yakishaliwa husagwa na kuundwa upya, yakapoteza asili yake yote. Jibu lao liko kwa sili mwenye kofia wa Atlantiki ya Kaskazini. Mama huyu hujifungua juu ya vipande vya barafu vinavyoweza kuvunjika wakati wowote, kwa hiyo hunyonyesha kwa siku nne tu, muda mfupi kuliko mnyama yeyote anyonyeshaye anayejulikana. Maziwa yake ni mafuta kwa asilimia 60 hivi. Mtoto huzaliwa na kilo 22 hivi, na siku ya nne ana zaidi ya 40. Karibu uzito wote alioongeza ni shahamu, na asidi za mafuta zilizomo ndani yake zinalingana kwa karibu na zile za maziwa aliyonyonya. Mwili haukupata muda wa kuzibadilisha. Ulizipokea na kuziweka. Baada ya siku nne mama huondoka asirudi tena, na mtoto huishi kwa akiba hiyo wiki kadhaa mpaka ajue kuwinda.

Sara Iverson wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Halifax, Kanada, ndiye aliyelichukua jambo hili na kulifanya kipimo. Mwaka 1997 yeye na wenzake walionyesha kwamba sili wa ghuba moja tu huko Alaska, Prince William Sound, wanaweza kutofautishwa kwa shahamu kulingana na kona ya ghuba wanamowinda, ingawa umbali kati ya kona hizo si mkubwa. Mwaka 2004 walichapisha mbinu kamili ya hesabu. Inaanza kwa kukusanya asidi za mafuta za kila samaki na ngisi anayeweza kuliwa eneo hilo. Kisha kompyuta hutafuta mchanganyiko wa vitoweo utakaozaa shahamu inayokaribiana zaidi na ile iliyopimwa. Kwa kuwa mwili huongeza asidi fulani na kupunguza nyingine, lazima kwanza sili kadhaa wafugwe na kulishwa chakula kinachojulikana, ili marekebisho yapatikane.

Marekebisho hayo ndiyo udhaifu wa mbinu hii, na haifai kuufunika. Yakikosewa kidogo, kompyuta itatoa orodha ya chakula inayopendeza lakini si ya kweli. Anayetumia marekebisho ya sili kwa pomboo, au ya pomboo kwa nyangumi, amejenga juu ya mchanga.

Lakini ikitumiwa kwa uangalifu, mbinu hii hufika pasipofikika kwa njia nyingine. Zamani, kujua sili alikula nini kulihitaji kupasua tumbo lake au kuchakura kinyesi chake kutafuta vijiwe vya masikio ya samaki. Tumbo linaeleza mlo wa jana tu, na samaki mkubwa aliyeng'atwa tumboni na kuachiwa kichwa haachi kijiwe chochote. Shahamu inaeleza wiki na miezi. Suala hili lilikuwa zito nchini Kanada. Mwaka 1992 serikali ilifunga uvuvi wa chewa wa Atlantiki huko Newfoundland baada ya samaki hao kuporomoka, maelfu ya watu wakapoteza kazi, na wavuvi wengi wakawaelekezea sili kidole. Shahamu za sili wa kijivu wa Kisiwa cha Sable zilipochambuliwa, sehemu kubwa ya mlo ilikuwa samaki wadogo wembamba wanaojifukia mchangani pamoja na samaki wekundu wa kina. Chewa alikuwepo kwa sehemu ndogo. Ubishi haukuisha, maana idadi ya sili ni kubwa na sehemu ndogo ya wengi huweza kuwa nyingi, na maeneo mengine yametoa picha tofauti. Angalau watu sasa wanabishana wakiwa na takwimu mkononi.

Kazi ya maabara yenyewe ni ya subira. Kwa mnyama aliye hai, mtafiti hurusha mshale butu kwa upinde, wenye ncha iliyo wazi katikati. Ncha hung'oa kipande kidogo cha ngozi na shahamu, mshale ukadunda na kuelea. Kipande hufungwa kwenye karatasi ya alumini na kugandishwa mara moja, kwani asidi zenye vifungo vingi huharibiwa upesi na hewa na joto. Maabarani hukatwa vipande kuanzia ngozini kwenda ndani, kila kimoja na chupa yake. Mafuta huyeyushwa kwa mchanganyiko wa klorofomu na methanoli, mbinu ya Jordi Folch na wenzake ya mwaka 1957 ambayo bado inatumika. Halafu huingizwa kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, ndani ya mrija wa kioo wenye kipenyo cha robo milimita na urefu wa mita 30 au zaidi, uliozungushwa ndani ya oveni. Asidi fupi hutoka kwanza, ndefu hufuata, na kila moja huchora mlima wake kwenye karatasi.

Hapo ndipo mshale unapoonyesha mpaka wake. Kwa pomboo mwenye shahamu nyembamba, unaweza kufika karibu na nyama. Kwa nyangumi, huishia tabaka la nje, lile linaloeleza baridi kuliko chakula. Susan Bengtson Nash wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, na wenzake wamewafuatilia kwa miaka mingi nyangumi-nundu wanaopita pwani ya mashariki ya nchi hiyo, na shahamu ya nje ya nyangumi hao imekutwa na asidi nyingi za kifungo kimoja, huku zile za uduvi zikiwa chache kuliko mtu angetarajia kwa mnyama aliyejaa uduvi. Asiyejua matabaka angesema nyangumi hao hawali uduvi.

Baadhi ya nyangumi wenye meno, kama pomboo, wana jambo jingine la ajabu. Michel Eugène Chevreul, mwanakemia wa Ufaransa aliyezaliwa 1786 na kuishi miaka 102, alikuwa akichambua mafuta ya pomboo alipokutana na asidi fupi mno, ya kaboni tano tu, yenye harufu kali ya jibini iliyokaa. Aliieleza katika kitabu chake kikubwa cha mafuta ya wanyama cha mwaka 1823, na leo inaitwa asidi ya isovaleriki. Haitokani na chakula hata kidogo. Pomboo huitengeneza mwenyewe, na kuijaza hasa kwenye paji la uso na ndani ya taya la chini, mahali ambapo sauti hupita. Mafuta hayo huongoza mawimbi ya sauti yanayotoka kichwani na kuupeleka mwangwi wake mpaka sikioni. Pomboo aliyekonda kwa njaa, aliyemaliza shahamu ya mwili, bado anakuwa na mafuta ya taya. Angeyatumia, angekuwa kiziwi, na pomboo kiziwi hawezi kuwinda.

Umaarufu wa asidi hizi kwa binadamu ulianzia kwa watu walaji wa shahamu. Mwaka 1970 madaktari wawili wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, pamoja na fundi wa maabara Aase Brøndum Nielsen, walisafiri hadi Uummannaq, kaskazini magharibi mwa Greenland, wakachukua damu ya watu 130. Wainuit hao walikula sili na nyangumi kwa wingi, na bado damu yao ilikuwa na lehemu na mafuta machache kuliko ya Wadenmark. Walichokuwa nacho kwa wingi ni EPA. Madaktari hao walipendekeza kwamba EPA huifanya damu isigande upesi na hivyo kuukinga moyo. Mwingereza Hugh Sinclair wa Oxford aliijaribu hoja hiyo mwilini mwake mwaka 1979. Alikula sili, samaki na vyakula vya bahari pekee kwa siku 100, na jeraha dogo la kupimia ambalo awali lilikauka kwa dakika chache likawa linavuja damu kwa karibu saa nzima.

Biashara ya vidonge ilijengwa juu ya msingi huo, na msingi una nyufa. Bang na Dyerberg hawakupima wao wenyewe ni Wainuit wangapi waliougua moyo. Jambo hilo lilisemwa waziwazi mwaka 2014 na George Fodor na wenzake wa Ottawa. Mwaka uliofuata, jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba vya Wainuit wa Greenland. Karibu wote wana mabadiliko katika jeni za FADS, zile zinazosimamia utengenezaji wa asidi ndefu, mabadiliko yanayoupunguza utengenezaji huo kwa kuwa chakula kilikwisha kuzileta tayari. Miili yao ilijirekebisha kwa vizazi na vizazi kuendana na shahamu. Kinyume chake, karibu Waafrika wote wana aina ya jeni hizo inayotengeneza asidi ndefu kwa ufanisi kutokana na mimea. Dawa iliyomfaa Muinuit haiwi dawa ya kila mtu kwa sababu tu imewekwa kwenye chupa.

Na kwa Mwafrika wa Mashariki anayetafuta DHA, njia fupi ni samaki wa kawaida. Michael Crawford, aliyefundisha biokemia Makerere, Kampala, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza kwamba ubongo unaokua unaihitaji asidi hiyo. Mwaka 2005 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya maziwa ya akina mama wanaokula samaki wa Ziwa Kitangiri, mkoani Singida, na kukuta DHA kwa kiwango cha juu. Hao hawajawahi kuiona bahari, sembuse sili.

Kuna upande mwingine wa shahamu ambao haupendezi kuusimulia. Kemikali zinazoyeyuka kwenye mafuta na kukataa kuoza hukaa humo miaka na miaka. Miongoni mwake ni DDT na zile za PCB zilizotiwa katika transfoma za umeme. Mnyama huzikusanya kwa kila mlo. Akifunga kula, mafuta huyeyuka na sumu hurudi kwenye damu. Akinyonyesha, humpa mtoto, na ndama wa kwanza ndiye anayepokea mzigo mkubwa kuliko wadogo zake. Januari 2016 orka jike aliyeitwa Lulu alikutwa amekufa kwenye Kisiwa cha Tiree, Scotland, akiwa amenaswa na kamba za mitego. Shahamu yake ilikuwa na miligramu 957 za PCB kwa kila kilo ya mafuta, mara 100 hivi ya kiwango kinachoaminika kuanza kumdhuru mnyama wa bahari. Alikuwa na umri wa miaka 20 au zaidi, na viungo vyake vya uzazi vilionyesha kwamba hakuwahi kuzaa.

Binadamu hawakusalimika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Eric Dewailly alikuta maziwa ya akina mama wa Kiinuit wa Nunavik, kaskazini mwa Quebec, yakiwa na PCB mara tano hivi ya yale ya wanawake wa kusini mwa jimbo hilo. Watu wasiokuwa na kiwanda hata kimoja ndio waliobeba taka za viwanda vya wengine. Ilipofika mwaka 2008, madaktari wakuu wa Visiwa vya Faroe walitoa ushauri kwamba nyama na shahamu ya nyangumi isiliwe tena. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ulioanza kutumika 2004, umepunguza utengenezaji wa kemikali hizo, lakini shahamu husahau polepole.

Unguja nayo imepimwa. Hadi mwaka 1996 pomboo waliwindwa Kizimkazi kuwa chambo cha papa, na shahamu yao ilichemshwa kupata mafuta ya kupaka vyombo vya mbao visiingie maji. Baadaye watalii waliwageuza pomboo kuwa riziki ya aina nyingine, ingawa nyavu za jarife bado zinawanasa. Kutokana na pomboo walionaswa hivyo, Haji Mwevura, Omar Amir na Michael Kishimba, wakishirikiana na Per Berggren na Henrik Kylin, walichapisha mwaka 2010 uchambuzi wa sumu zilizomo katika shahamu. DDT ilikuwemo. Lakini kemikali zilizoongoza kwa wingi zilikuwa za asili, zinazotengenezwa na viumbe wa baharini wenyewe. Matokeo haya yana thamani ya pekee kwa sababu yametoka katika Bahari ya Hindi ya tropiki, wakati vitabu vingi vya shahamu vimeandikwa kutokana na maji ya baridi.

Pengo kubwa kuliko yote ni la nguva. Huyu ndiye mnyama pekee wa kundi hili katika pwani hii anayekula nyasi bahari badala ya samaki, na majani hayo yana omega-3 fupi ya kaboni 18 yenye vifungo vitatu, ile ile ya majani ya nchi kavu. Mtaalamu wa viumbe Georg Steller, aliyevunjikiwa na meli pamoja na Vitus Bering mwaka 1741, alimla ng'ombe-bahari, ndugu mkubwa wa nguva aliyekula mwani wa kaskazini, na akaandika kwamba mafuta yake yalikuwa na ladha ya mafuta ya lozi tamu. Miaka 27 baadaye ng'ombe-bahari alikuwa ameisha duniani. Nguva wa Afrika Mashariki waliorodheshwa mwaka 2022 kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wakubwa wenye uwezo wa kuzaa hawafiki 250 kutoka Kenya hadi Msumbiji. Kwa idadi hiyo, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayependekeza kumrushia mshale nguva aliye hai. Kila nguva anayekutwa amekufa katika jarife za Rufiji au Lamu ndiye fursa iliyopo.

Fursa hizo hupotea ufukweni. Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikwama na kufa Nungwi kwa mkupuo mmoja. Katika miaka ya kawaida huja mmoja mmoja, akafukiwa au akakatwa vipande kabla ya jua kutua. Ombi la mhadhara huu kwa wavuvi, kwa kamati za usimamizi wa fukwe (BMU), kwa maafisa uvuvi na kwa msomaji yeyote anayeishi pwani ni hili. Akikutwa nyangumi, pomboo au nguva aliyekufa, asiliwe na asiguswe kwa mikono mitupu, kwa kuwa wanyama hawa huweza kubeba vijidudu vya maradhi kama brusela. Apigiwe simu afisa uvuvi siku hiyohiyo, naye awaarifu Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja, au taasisi ya utafiti wa bahari iliyopo Mombasa kwa upande wa Kenya. Mnyama apigwe picha, apimwe urefu, ijulikane ni dume au jike, na tarehe iandikwe. Ikiwa mtaalamu atachelewa na afisa ameruhusu, kikatwe kipande kimoja cha shahamu ubavuni chini ya pezi la mgongo (kwa nguva, asiye na pezi hilo, katikati ya ubavu), chenye upana wa vidole vitatu, kuanzia ngozini mpaka kifike kwenye nyama. Kifungwe kwa karatasi ya alumini, kiwekwe kwenye barafu ya samaki, na kisikatwe vipande vidogo. Kikipungua upande wa ndani, chakula cha mnyama yule hakitajulikana tena.